Mlio Uliopanda Mwaka Hadi Mwaka

Masikio ya Mzee Sikio tuliyapoteza tarehe 14 Machi mwaka huu, saa nne asubuhi, daktari alipoandika kwamba la kushoto limebaki na robo tu ya uwezo wake na la kulia halifiki nusu. Mwenyewe anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kutengeneza injini na eksozi katika gereji yetu. Nimeombwa niandike wasifu wa kuchangamsha kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Nitajitahidi.

Alikuja akiwa fundi wa kuchomelea, ana spana mbili mfukoni. Wakati sisi wengine tunahangaika na rimu, rangi na kukata springi ili gari lilale chini, yeye alishughulika na kitu kisichoonekana: mlio. Gari likishakamilika huingizwa chumba cha majaribio, likakanyagwa mafuta mpaka mwisho likiwa limefungwa palepale, naye akasimama kando amefumba macho. Hapa kwetu gari halitoki mpaka Mzee afumbue macho. Hata kompyuta ilipokuja, utaratibu ulibaki huohuo. Mara kumi na tisa, nimezihesabu, skrini ilisema injini ni nzima, yeye akatikisa kichwa, tukafungua na kukuta valvu imepasuka.

Mwalimu mmoja alileta kigari chake akitaka kingurume kama simba. Mzee alikisikiliza, akamwambia kwa upole, “Mwalimu, huyu ni paka. Nitamtengeneza vizuri, ila atabaki paka mwenye afya.” Pikapu ya seremala iliyokataliwa na gereji tatu aliipandisha kutoka nguvu za farasi 118 hadi 171, injini ileile, kwa turbo ndogo ya mtumba. Seremala aliizungusha uani mara nne, akashuka, akakaa chini kwenye zege.

Sasa hesabu. Magari mawili na nusu kwa wiki, wiki hamsini kwa mwaka, miaka thelathini na moja: magari 3,875. Kila moja dakika arobaini. Hizo ni zaidi ya saa 2,580 katika chumba cha mita tatu kwa sita, ukuta wa zege, paa la bati. Vifuniko vya masikio alipewa, akavitundika msumarini. “Umeona wapi mpishi aliyeziba pua?” aliniuliza, na sote tukacheka.

Miaka sita iliyopita nilinunua kipima sauti, nikawa napima kila gari linapotoka, nusu mita kutoka mdomo wa eksozi. Wastani wa mwaka wa kwanza ulikuwa desibeli 94. Kisha 96, 99, 102, 105. Mwaka jana, 108. Wateja walifurahi. Walipanga foleni wakitaka “ule mlio wa kwenu”, na Bosi akauandika kwenye bango la getini. Tulipiga makofi, mimi nikiwemo, namba ziko mkononi mwangu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini zinapanda. Mzee alikuwa akiifungua eksozi mpaka mlio umtoshe. Yeye alikuwa bado anasikia zilezile 94. Zilizozidi ndizo alizokuwa amepoteza.

Aliyegundua ni mkewe, ambaye huniita wifi kwa mazoea. Alinipigia simu mwezi wa pili: “Wifi, kaka yako kanuna au ni nini? Nimemwita mezani mara tatu, kanipa mgongo. Mjukuu analia ubavuni kwake, yeye anasoma gazeti.” Tulimpeleka hospitali tukidhani ni nta ya masikioni.

Mzee, asante. Mimi niliingia hapa kuosha vyuma, na kompyuta ya injini nilijifundisha kwa vitabu vya kuazima, lakini kusikiliza nimefundishwa na wewe. Ulituonyesha makosa yetu bila kutuaibisha mbele ya wateja. Tunakuombea siku tulivu, mkeo karibu, na wajukuu waliozoea kukaa upande wako wa kulia.

Kwako Bosi. Jumatatu saa mbili asubuhi anayeingia chumba kile ni mimi. Mchoro nimekuletea mara tatu tangu mwaka juzi: ukuta wa kumeza sauti, dirisha la kioo, maikrofoni ndani, na fundi akae nje akisikiliza kwa sauti aliyoipunguza mwenyewe. Mara tatu umenijibu, “Dada, tutaangalia.” Keki inakatwa Ijumaa saa tisa alasiri. Kabla ya kisu kuguswa nataka neno moja: chumba kitajengwa kabla gari jingine halijawashwa mle ndani, ndiyo au hapana? Uliandike ubaoni, kwa herufi kubwa, ili na Mzee alipate.