Mzee Mafuta na Video Iliyoingia Tovutini kwa Makosa

Miaka thelathini na saba na miezi minne. Hicho ndicho kipindi ambacho mkuu wetu wa karakana, anayejulikana na wafanyakazi na wateja kwa jina la Mzee Mafuta, ametengeneza cherehani za watu katika kampuni hii. Tarehe 30 Juni anastaafu rasmi. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wa tovuti, na hakuna aliyemrekodi video nyingi kunizidi. Nilikubali haraka, maana kuna jambo lake nimelikalia kwa miaka sita.

Alianza kazi akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, kama mfagiaji wa ghala. Siku moja saa ya chakula, msimamizi wa ghala alimkuta amefungua cherehani mbovu iliyokuwa imetupwa kwenye kona, vipande vyote amevipanga kwa mstari juu ya gazeti. Aligombezwa, kisha akaambiwa aiunganishe kama ilivyokuwa. Akaiunganisha, na ikashona. Wiki iliyofuata alihamishiwa karakana, akapanda ngazi taratibu hadi kuwa mkuu. Mafundi kumi na wanne wamepita mikononi mwake.

Jina la Mzee Mafuta lilitokana na swali lake la kwanza kwa kila mteja: mara ya mwisho umeitia mafuta lini? Wengi hujiumauma. Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kuulizwa hivyo kuhusu mlango wa ofisi yake uliokuwa ukilia, naye akajiumauma vilevile.

Miaka sita iliyopita mauzo yalilegea, na mkurugenzi akaamua kwamba ukurasa wa kwanza wa tovuti yetu uwe na video. Likatengenezwa tangazo la dakika mbili, lenye muziki, tabasamu na mkurugenzi ndani ya suti mpya. Siku hizohizo, nikijaribu mwanga wa karakana kwa simu yangu, nilimrekodi Mzee Mafuta akimhudumia mama mmoja mshonaji aliyekuja kununua cherehani mpya. Aliifungua ile ya zamani, akatoa nyuzi zilizojazana ndani, akazungusha gurudumu kwa kidole kimoja, akamwambia, "Usinunue mpya, mama. Hii itatuzika sote."

Mafaili yote mawili niliyapa jina la tarehe tu. Ijumaa jioni nikapakia moja, nikafunga kompyuta bila kuangalia, nikaenda zangu nyumbani. Jumatatu tukakuta kwamba chini ya maneno makubwa "Chagua Cherehani Yako Mpya Leo" yupo mzee mwenye koti la kazi anawaambia watu wasinunue.

Tuliitwa kikaoni. Nilikuwa nimebakiza wiki mbili kumaliza kipindi cha majaribio kazini, na nyumbani mama na wadogo zangu wawili walinitegemea mimi. Mkurugenzi aliuliza ni nani aliyeruhusu video ile. Mzee Mafuta akasimama, akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Mimi ndiye niliyemwambia binti aiweke. Kama ni kosa, ni langu."

Hakuniangalia hata mara moja. Alipewa barua ya onyo, ya kwanza tangu aajiriwe, na mimi nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza, na aibu hiyo ninayo hadi leo. Naandika hapa ili kila mmoja ajue: hakuwa ameniambia kitu. Kosa lilikuwa langu peke yangu.

Tangazo la suti lilikuwa liwekwe mchana uleule, lakini simu zilikuwa zimeshaanza kulia. Watu walimtaka yule mzee wa kwenye video. Walileta cherehani za mama zao na za bibi zao, nyingine zikiwa zimefungwa ndani ya mashuka. Zilizotengenezeka zilitengenezwa. Na alipomwambia mtu kwamba yake imefika mwisho, mtu huyo alinunua mpya hapohapo bila kwenda kuuliza kwingine, kwa kuwa alishamwona akimkataza mwenzake. Video ile haikuondolewa tena. Tangu hapo tumepakia nyingine sabini na mbili, zote zake, na suti haijaonekana hata katika moja.

Kumrekodi kuna kazi yake. Hakubali kurudia: cherehani ikishapona, anasema, hawezi kuiuguza tena kwa ajili ya kamera. Mke wake huzitazama zote na hutoa maoni kuhusu kola ya shati tu. Ndiyo maana kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, siku yetu ya kurekodi, hakuna shati lililonyooka kazini kuliko lake.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mkurugenzi, nikamweleza yote, nikaomba ile barua ya onyo iondolewe kabla faili la Mzee halijafungwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akanisema kidogo kuhusu majina ya mafaili, kisha akaandika hati ya kuifuta. Ilibaki saini ya mwenyewe. Mzee Mafuta akakataa kusaini. Alisema barua nyingine zote humo ni za kazi aliyolipwa kuifanya, lakini hiyo moja aliichagua mwenyewe, kwa hiyo ibaki.

Basi imebaki.

Kwa niaba ya karakana, ghala, duka na ofisi, tunakushukuru, Mzee wetu, kwa kutufundisha kumwambia mteja ukweli hata kamera ikiwa inatazama. Tunakuombea afya njema, usingizi wa mchana usiokatizwa na simu za wateja, na miaka mingi ya furaha pamoja na mama nyumbani. Nami, baba, nina shukrani yangu ya pembeni: wadogo zangu wote wawili wamemaliza shule.