Bi Jasbir na Bima ya Mjane wa Sparkhill

Na Bi Mwanamkasi, wa jikoni

Ijumaa hii, tarehe 30 Novemba 2007, Bi Jasbir Kaur anastaafu baada ya kutumikia kituo chetu cha ushauri cha Ladypool Road kwa miaka ishirini na tatu. Mie hapo napika chai na kufagia, kwa hiyo niliyoyasikia ni mengi kuliko waliyoyasikia wakubwa watakaotoa hotuba leo.

Amezaliwa Kisumu, akaja Birmingham akiwa msichana. Kiswahili chake ni cha kuamrisha. "Kuja hapa, keti!" ndivyo anavyowakaribisha watu wazima, na sie wa Unguja tunajificha jikoni tukicheka. Lakini hafungui bahasha ya makaratasi ya mtu mpaka mtu mwenyewe ameshakunywa kitu na kusema lake. Kampuni zikimweka kwenye simu asikilize muziki, anaimba nao, kwa sauti mbaya kweli, mpaka mtu ajibu.

Sitaipaka sukari kazi yake, hata hivyo. Watu wanaoingia pale wameshaumia. Aliyeumia kuliko wote niliowaona ni Asmahan.

Mumewe, Mkubwa, alikuwa dereva wa basi. Alikwenda Unguja kumwona mama yake, akafia huko, akazikwa siku ile ile kama tunavyozikana. Alikuwa na bima ya maisha, na hiyo ndiyo iliyokuwa imalize deni la nyumba yao ya Sparkhill. Asmahan akakaa eda. Kampuni ya bima ikamtuma mwanamume nyumbani amhoji kuhusu afya ya marehemu. Hafidh, mdogo wake Mkubwa, akamzuia mlangoni: shemeji yumo edani, haonani na wanaume, rudi ikiisha. Kwake yeye hiyo ndiyo adabu. Yule bwana akaenda zake, akaandika kwamba mjane amekataa kuhojiwa. Bima ikakataa kulipa.

Hafidh alipoileta barua yao kituoni, Jasbir alimgeukia.

"Wewe! Kwa nini hukusema walete mwanamke?"

"Dada, kaka yangu alikuwa hana hata wiki kaburini, nifikirie bima?"

"Kaka yako aliifikiria kabla hajafa."

Hafidh akainama. Nikamwekea chai, hakuigusa.

Jasbir akakata rufaa. Aliieleza kampuni eda ni nini, akaomba mhoji wa kike, akapeleka na maneno ya daktari wa Mkubwa wa hapa hapa. Kampuni ikashikilia lake. Sheria ya nchi hii inasema kampuni ikishatoa jibu la mwisho, mteja ana haki ya kwenda kwa mwamuzi huru wa malalamiko. Jasbir akaenda huko. Foleni ilikuwa ndefu. Benki iliyokuwa ikidai deni la nyumba aliiomba isubiri. Ikasubiri kidogo, kisha ikaenda mahakamani, na nyumba ikachukuliwa.

Nilikuwepo siku waliyokuja watu wa benki kubadilisha vitasa. Nilimkuta Asmahan anafagia sebule.

"Acha, mwanangu. Unamfagilia nani?"

"Wasije wakasema tulikuwa wachafu, bibi."

Akapata fleti Northfield, mbali na sote.

Miezi ikapita, uamuzi ukatoka. Mjane aliyekaa eda hakukataa kuhojiwa, kampuni ilipe. Ofisini watu walipiga makofi. Jasbir hakupiga. Alivaa koti, akaniita, tukapanda basi la Northfield.

Asmahan alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Na nyumba itarudi?"

"Hapana. Imeshauzwa."

"Basi tumeshinda nini?"

Mtu mwingine angeanza hapo maneno ya subira. Mie mwenyewe nilishafungua mdomo. Jasbir alisema, "Pesa. Nyumba tumeipoteza." Asmahan akalia kilio ambacho hakuwahi kulia tangu msiba. Jasbir akavua koti lake, akakaa sakafuni karibu yake mpaka watoto wake Asmahan wakarudi kutoka skuli.

Tangu hapo, mfiwa wa kwetu akiingia kituoni, Jasbir humuuliza kwanza kama yupo aliye edani, na ni nani anayekuja kuhoji. Kisha hupiga simu yeye, siku hiyo hiyo, na kampuni humtuma mwanamke. Ziko nyumba Sparkbrook na Sparkhill ambazo watu bado wanalala ndani kwa sababu ya simu hizo. Ya Asmahan si miongoni mwao, na Jasbir hajawahi kuihesabu kesi ile kuwa ushindi, hata walipotaka kuitia kwenye ripoti ya mwaka.

Jasbir mwanangu, ahsante. Wengine watakupa maua na saa ya ukutani. Sie wa jikoni tunakuombea usingizi, maana najua hulali. Na siku yako ikifika ya kuletewa habari mbaya, akuletee mtu kama wewe: asikudanganye, na asiwe na haraka ya kuondoka.