Seremala na Hasira Aliyoiombea

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mwashi mwenye mkono mwepesi, na nyumbani kwao adhabu ilitangulia swali.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1966, akahitimu useremala katika chuo cha ufundi mwaka 1969. Mwaka 1974 alifungua karakana yake, na milango aliyoitengeneza bado inafungwa bila kusukumwa kwa goti. Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na mwalimu wa sekondari. Walijaliwa binti na, baadaye, mwana.

Mwezi Juni 1986 binti, akiwa na miaka tisa, alimwaga vanishi juu ya kabati la mteja lililokuwa tayari. Marehemu alimpiga kofi. Sikio la kushoto lilitoka damu, na halikusikia tena. Hospitalini mkewe alisema mtoto ameanguka kwenye ngazi, na marehemu hakumkanusha. Waumini wenzao waliwahurumia. Wazee wa kanisa wakamshauri aweke kishikio kwenye ngazi hizo. Akakitengeneza. Alikipiga msasa siku tatu, kisha akaenda kwa mchungaji na kumweleza yote.

Mchungaji hakumfariji. "Fundi, wewe huomba ukishapiga. Omba kabla."

Tangu siku hiyo, hasira ilipompanda alitia mikono mifukoni na kusema, "Bwana, ishike mikono hii," akirudia mpaka pumzi ikae sawa. Haikuwa rahisi. Mara nyingine alitoka jasho, mara nyingine alilia. Mwana alipokuwa na miaka kumi na mitatu alikatakata fremu ya mlango wa mteja ajenge banda la sungura. Baba yake aliizunguka karakana, mikono mifukoni.

"Baba, unaniombea au unatafuta fimbo?"

"Nakuombea ufike jioni. Nyamaza, nisianze upya."

Hakumgusa. Walitengeneza fremu nyingine pamoja.

Septemba 2018 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Sauti ilipoanza kumwishia, alimwambia mkewe, "Mwalimu, usinizike na uongo wa ngazi."

"Baba watoto, watu watatuonaje?"

"Wameniona vizuri miaka thelathini na miwili. Inatosha."

Mkewe alikataa kwa wiki mbili, akililinda jina la nyumba yake. Binti alikuwa akija kila Jumamosi na kukaa mbali na kitanda, karibu na dirisha. Siku moja alisema, "Mama, nimesema nilianguka tangu nina miaka tisa. Nimechoka kuanguka." Akasogeza kiti karibu na kitanda. Mkewe akachukua kalamu.

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Aprili 2019, saa nne asubuhi, mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya mikono ya binti yake.

Ameacha mjane, binti, mwana, mkwe mmoja na wajukuu wanne, na hakuna mjukuu hata mmoja aliyewahi kuonja kofi lake. Wasifu huu umeandikwa na mjane. Binti ndiye aliyeomba kuusoma.

Mungu aliyeishika mikono yake sasa aipumzishe kwa amani.