Sampo ya Chuma ya Nestory

Benchi letu lipo karibu na stesheni ya Tabora, mbele ya birika la kahawa la Idrisa. Asubuhi hiyo lilikuwa tupu. Wenyewe tulikuwa tumelala kifudifudi vumbini, tunachungulia uvunguni mwa gari la Nestory, mkulima wa tumbaku wa ng'ambo ya Sikonge. Alfajiri alimleta mkewe Agnetha hospitalini, maana zahanati ya kijijini iliona mtoto amekaa mlalo ikawaambia wasichelewe. Mama amepasuliwa, mtoto kalia, wote wazima. Nestory akaja moja kwa moja kijiweni, akatuambia tuje tuone.

Nestory: Mnaona palipobonyea? Kisiki hicho. Kilijificha kwenye majani katikati ya barabara, kabla hatujafika lami. Gari likaruka, Agnetha akapiga yowe, nikazima.

Idrisa: Ukaangalia?

Nestory: Niliingia chini na tochi ya simu. Nikapapasa nikijua nitagusa oili. Mkono ukatoka na vumbi tupu. Nikalia hukohuko uvunguni, asinione.

Tulijua yaliyompata mvua zilizopita. Sampo ya plastiki, lile bakuli linaloshika oili chini ya gia boksi, ilipasuliwa na jiwe dogo tu. Oili ikamwagika yote, gari likagoma, akakaa porini mpaka lori la asali lilipomvuta. Fundi Shilinde akamfungia ya chuma. Aliyepinga sana ni mzee tunayemwita Kamusi, kwa kuwa hakuna kitu asichokuwa na maelezo yake.

Kamusi: Sikupinga. Nilisema kiwanda kina akili. Plastiki waliiweka makusudi.

Idrisa: Makusudi gani?

Kamusi: Kwanza, kwao hakuna visiki. Pili, chuma kinapooza oili. Ikipoa sana gari linasahau gia ya nne.

Mluzi, mstaafu wa reli, akainua kichwa.

Mluzi: Linasahau?

Kamusi: Si otomatiki? Lina kumbukumbu. Halafu chuma kinaita radi. Kwa radi hizi za Tabora, mtu unaendesha mlingoti.

Idrisa: Mzee, gari lote ni chuma.

Kamusi: Ndiyo maana hapo chini wakaacha plastiki. Radi ipate pa kutokea.

Nestory akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Akacheka mpaka akakaa chini, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Nestory: Ingekuwa ile ya zamani, saa hizi mimi…

Kamusi akampa kikombe chake mwenyewe.

Kamusi: Kunywa, mwanangu. Shilinde kafanya kazi. Nasema mbele za watu.

Hapo akatokea Levina, dada yake Agnetha, anakuja mbio kutoka hospitalini. Akatuamkia, tukaitikia kutoka chini. Akatutazama, watu wazima na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Levina: Shemeji, mtoto amevaa nini?

Nestory akamtazama Kamusi. Kamusi akamtazama Mluzi. Idrisa akafunua birika kana kwamba jibu limo humo.

Levina: Kaviringishwa shuka la wodini. Kikapu cha nguo kiko wapi?

Nestory akafungua mlango wa nyuma. Kikapu kipo kitini, kofia nyeupe ya kufuma juu yake, ndogo kama chungwa. Akanyoosha mkono kukichukua, Levina akamzuia.

Levina: Na mikono hiyo? Umemshika mwanao tangu azaliwe?

Nestory: Bado, shemeji. Niliogopa.

Idrisa akachukua maji ya moto ya kahawa ya pili, akayachanganya na ya baridi, akaanza kumnawisha. Kahawa ikaishia hapo, na hakuna aliyelalamika.

Levina: Nawa mpaka viwikoni. Ni wewe utakayemvisha.