Wasifu wa Mwalimu Acha, Aliyekataa Kumchorea Mtoto

Ndugu waombolezaji, marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Acha, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika nyumba ya nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu wa mwandika mabango ya maduka na mkewe, fundi cherehani. Baba alikuwa mtu wa rula. Herufi ikipinda, kofi.

Alianza shule mwaka 1964. Siku moja mwalimu aliweka chungu mezani, akaamuru darasa zima likichore. Kaka alikichora, akaongeza paka aliyejikunyata kando yake. Alichapwa kwa ajili ya yule paka. Kisa hicho alikisimulia akicheka, ila sisi wadogo zake tuliona kicheko hakifiki mbali.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1979, akafundisha watoto wadogo kuchora kwa miaka zaidi ya thelathini. Darasa lake lilikuwa na kelele kama siku ya gulio. Watoto walichora sakafuni wakiimba, rangi hadi masikioni. Mtu mzima akinyoosha mkono kusahihisha picha ya mtoto, alisikia, "Acha!" Jina likamganda.

Mwaka 2011 yakaja mashindano ya shule. Ilikuwa kawaida, na tusijifanye hatujui, walimu kuzimalizia picha za watoto kabla hazijapelekwa. Mkuu wa shule akaona ng'ombe mwenye miguu sita.

"Mwalimu, mpunguzie miwili."

Kaka akamgeukia mchoraji. "Mbona sita?"

"Anakimbia."

"Umesikia, Mkuu? Anakimbia."

Shule ikashika mkia. Muhula uliofuata kaka akakabidhiwa stoo ya chaki na mafagio. Aliomba arudishiwe darasa, wapi! Alistaafu akiwa humo humo stoo. Mkuu wa shule yupo nasi hapa leo, na tunamshukuru kwa kufika.

Alifunga ndoa tarehe 2 Juni 1984 na shemeji yetu, mkunga, wakajaliwa binti mmoja. Shemeji anakumbuka alivyotoka zamu akakuta mlango wa jiko umepakwa rangi za kila aina, akarudi nje akidhani amepotea nyumba. "Nani kafanya haya?" Kaka akamjibu, "Acha, mke wangu, mtoto hajamaliza." Walicheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Tusifichane, aliteseka. Lakini kilichomuumiza kuliko ugonjwa kilitoka kwenye mkoba wa mjukuu wake, aliye darasa la pili katika shule ile ile. Mtoto alileta picha ya nyumba, sawasawa na za wenzake wote, maana siku hizi mwalimu huchora ubaoni, nao wananakili. Jua lilikuwa bado halina rangi.

"Babu, hili nalipaka rangi gani? Mwalimu hajatuambia."

Kaka aligeukia ukutani, akalia.

Tangu hapo kila jioni aliwekewa karatasi kitandani, ili mjukuu achore chochote apendacho. Hakutaka kingine kabla ya kufa. Mtoto alikaa na penseli yake, akasema, "Chora wewe kwanza, babu, mimi nitafuatisha." Shemeji akamsihi, "Mume wangu, mchoree tu, hata ua moja. Abaki na kumbukumbu ya mkono wako." Kaka yetu alikuwa mkaidi, Mungu amrehemu. "Nikimchorea mimi, atanakili mpaka azeeke." Wakakosana.

Alifariki alfajiri ya tarehe 14 Agosti mwaka huu, karatasi ikiwa nyeupe. Shemeji ameagiza wasifu huu usomwe hivi hivi: bado amemkasirikia mumewe.

Ameacha mjane, binti, mkwe, wadogo zake watatu, na mjukuu huyo mmoja. Jana jioni, mwili ulipofika nyumbani, mtoto alimvuta bibi yake gauni.

"Bibi, nataka kumchora babu. Anachorwaje?"

Shemeji alitaka kumwambia, akajizuia.

"Sijui, mjukuu wangu. Wewe ulimwonaje?"

Mtoto akaangua kilio, akisema bibi hataki kumfundisha. Shemeji naye akalia, akamkumbatia, ila hakumchorea.

Kaka yetu, pumzika kwa amani. Hata sisi hatutamchorea.