Ozella Prewitt, Mfunga Machujio wa Mtaa wa Garland

Tunayemzika leo, Ozella Mae Prewitt, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 mjini Marlow Creek, Michigan, binti wa Lucious na Earline Gaines. Mimi ni mdogo wake, Corliss. Mchungaji ameniomba nisome kwa upole. Nitajaribu.

Alimaliza sekondari mwaka 1969, akapika katika jiko la shule miaka thelathini na moja. Mwaka 1973 aliolewa na Rayford Prewitt wa kiwanda cha magari, aliyemtangulia 2008.

Mwaka 2015 maji yetu yalianza kunuka. Barua ya mji ikasema, chemsheni. Dada akachemsha, akamkorogea mjukuu wake Amaya maziwa ya kopo miezi saba. Hakuna aliyetuambia kwamba maji yana risasi, metali ya sumu itokayo kwenye mabomba ya zamani na kudumaza akili za watoto, wala kwamba risasi haifi kwa moto. Maji hupungua sufuriani, yenyewe inabaki. Damu ya mtoto ilipopimwa ikakutwa na risasi, dada alikaa sakafuni kwa daktari akalia. Walimdanganya wao, akajilaumu yeye mpaka kufa. Hilo linanichoma.

Baadaye mji ukagawa machujio ya kufunga kwenye koki. Koki zetu za kizamani hazikuyakubali. Akaenda ofisi ya mji na lake mkononi, karani akamwuliza:

“Mama, si umeshapewa chujio?”

“Nimepewa. Haliingii. Sasa nilivae shingoni, mwanangu?”

Akanunua spana na viungio, akapita nyumba kwa nyumba, akifunga na kugomba: “Wewe! Maji ya moto usipitishe humo, utaliharibu! Na taa ya chujio ikiwa nyekundu badilisha leo, usiniletee habari za kesho!” Jirani yetu Bwana Dupree akimwona tu anakuja, alikimbilia jikoni kutazama taa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni maji. Mimi naapa. Alifariki hospitalini tarehe 2 Februari 2024. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, “Corliss, chujio la Amaya umelibadilisha?”

Ameacha binti yake Denita; mjukuu wake Amaya, mwenye miaka tisa, ambaye kusoma bado kunamshinda; mimi; na bomba la risasi chini ya kibaraza chake, ambalo aliandikiwa barua nne kwamba litang'olewa. Waheshimiwa wa mji mliokaa mbele, shada lenu tumeliona. Lichukueni, mrudi na sururu.

Ozella apumzike kwa amani. Ninyi msipumzike.