Siku Baba Alipopokewa Lindo

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe hasa na sisi tuliolala usingizi jana.

Nasema hivyo kwa sababu si zamani sana swali moja lilininyima usingizi. Je, nimwambie Mzee Shija, mwenyekiti wa wanaume wa usharika wetu, kwamba baba yangu halali kitandani? Mnaweza kuliona ni swali dogo. Mimi ni mtu wa kuligeuza jambo dogo mpaka liote pembe. Nimemaliza chuo, kazi niliyosomea sijaipata, ninachapa barua za watu kwenye steshenari pale Somanda, na hata mteja akiniambia "asante" kwa sauti ya chini, jioni nitajiuliza nimemkosea wapi.

Baba yangu, Mzee Luhende, alipigana vita vya Kagera akiwa kijana kuliko mimi. Alirudi, akalima pamba, akaoa, akatulea. Lakini tangu nilipopata akili sikuwahi kumwona amejilaza usiku. Alikuwa na kiti cha ngozi ya ng'ombe, amekiweka mlangoni kwa ndani, blanketi mabegani, tochi mapajani. Tukiwa watoto tulidhani baba wote hulala hivyo. Baadaye tuliambiwa analinda ng'ombe dhidi ya wezi, na katika nchi yetu hiyo ni sababu ya heshima. Kisha ng'ombe waliisha. Wengine walikufa kwa ukame, wengine wakawa ada yangu. Zizi likaota majani, na kiti kikabaki mlangoni.

Mayu, mama yangu, alikuwa akisema, "Mimi nimeolewa na mlinzi wa bohari la pamba. Na huyo wa bohari angalau ana likizo."

Tulikuwa tunacheka. Mwaka huu tuliacha kucheka. Miguu ya baba ilivimba mpaka viatu vikakataa. Mlimwona wenyewe, mzee aliyekuwa akipiga kiwi kila Jumamosi, anaingia kanisani kwa kandambili. Hospitalini daktari alimwuliza analalaje, naye akajibu, "Vizuri." Mayu akamkatiza na kusema ukweli. Daktari akasema mzee alale kitandani, miguu juu ya mto, la sivyo moyo nao utachoka. Baba alijaribu. Alijilaza, akaitazama dari, akainuka, akarudi kwenye kiti. Hakugomba. Alisema tu, "Siwezi kuacha hapa."

Basi nyumba yetu ikawa na wanaume wawili wasiolala, ukuta katikati. Yeye akilinda, mimi nikiwaza. Akisikia kitanda changu kinalia, anauliza, "Msomi, hujalala?"

"Nimelala, baba."

"Aliyelala hajibu."

Hapo ndipo yalipotangazwa mafungo ya wanaume kule Kasoli, Ijumaa hadi Jumapili. Mzee Shija alikuja nyumbani mwenyewe kumwalika baba, kwa kuwa Jumamosi ilitengwa kwa waliopigana vita: kukaa pamoja, kuombewa, kupimwa presha. Mzee Shija naye alikuwa askari, tena ni mtu wa maneno. "Luhende," alimwambia, "njoo tukuone. Watu wanasema ulikufa, na mimi nimechoka kukutetea." Baba akacheka, akakubali.

Mimi sikucheka. Nilijua kule wanaume watalala darasa moja la shule, na baba hatalala. Nikimwambia Mzee Shija, je, sitakuwa kama Hamu, mwana wa Nuhu, aliyeona uchi wa baba yake akatoka nje kuusema? Nisipomwambia, nitakuwa mtoto gani, anayeangalia miguu ya baba yake inavimba na kunyamaza? Nilianza kumpigia simu, nikakata kabla haijaita. Nikaanza tena, nikakata tena. Mpaka Ijumaa tunafika Kasoli, sikuwa nimesema neno.

Ndugu zangu, nilijisumbua bure. Tulipomaliza ugali wa jioni, kabla hata taa za darasani hazijawashwa, baba alichukua kiti cha mwalimu, akakiweka mlangoni, akaketi, tochi mapajani. Kila mtu aliona. Mfanyabiashara mmoja wa pamba, kijana mwenye mzaha, akasema, "Mzee, unaogopa tutaondoka na magodoro ya watu?" Wanaume wakacheka. Baba naye akatabasamu, lakini nilimwona akiificha miguu yake chini ya kiti, na moyo wangu ukauma.

Mzee Shija hakucheka. Alinivuta pembeni.

"Baba yako nyumbani hukaa hivi?"

Swali langu lilikuwa limenifuata mpaka Kasoli na kunisimamia mbele ya uso. Nikajibu, "Ndiyo, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijazaliwa."

Mzee Shija akafunga vifungo vyote vya koti lake mpaka shingoni, akaenda, akasimama mbele ya baba, mguu sawa. Nilidhani sasa wanataka kumfanyia mzee wangu maigizo.

"Luhende," alisema. "Nimekuja kukupokea lindo."

Baba akasimama, kwa shida, kwa sababu ya miguu.

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa. Toa taarifa."

Kicheko kilikwisha darasani. Baba aliyenilea, mtu ambaye hakuwahi kutusimulia hata siku moja ya vita, alinyoosha mgongo na kutoa taarifa. Lindo salama. Watu wote wapo. Hakuna aliyepita. Hapo akakwama. Mzee Shija hakumsaidia wala hakumharakisha. Mwishowe baba akasema, "Aliyetakiwa kunipokea ni Nkwabi. Nkwabi hakuja."

Jina hilo sikuwahi kulisikia. Kesho yake ndipo tulipojua. Nkwabi alikuwa rafiki yake, na alikuwa njiani kuja kumbadilisha zamu bomu lilipoanguka. Baba alibaki pale peke yake mpaka kulipokucha, na asubuhi kikosi kiliamriwa kusonga mbele. Hakuna aliyemwambia kwamba zamu yake imekwisha. Vita viliisha, redio zikatangaza, watu wakacheza ngoma barabarani. Lakini yeye alikuwa bado hajapokewa.

"Nkwabi hatakuja, ndugu yangu," Mzee Shija alimwambia. "Mimi ndiye niliyekuja. Nipe tochi, ukalale."

Baba akampa tochi.

Akaingia kati ya magodoro, akajilaza. Yule kijana wa pamba, aliyemtania, alivua jaketi lake, akalikunja, akaliweka chini ya miguu ya baba. Wazee wengine waliokuwa jeshini wakaanza kugawana zamu, mmoja akisema, "Mimi ya pili," mwingine, "Nipe ya alfajiri, mimi huamka na kuku." Hakuna aliyewapanga. Nikawakumbuka wale wana wengine wawili wa Nuhu, waliokwenda kinyumenyume na nguo ili wamfunike baba yao. Nilikuwa nimeogopa kuwa Hamu kiasi kwamba niliwasahau Shemu na Yafethi, na Kasoli darasa zima lilikuwa limejaa hao.

Nikalala hata mimi.

Asubuhi mwinjilisti alishika chuma agonge rimu ya gari inayotumika pale kama kengele. Mzee Shija akamshika mkono. "Luhende bado amelala. Atakayegonga atapigana na mimi." Basi sala ya asubuhi ikafanyika hivyo. Ndugu zangu, mnawajua wanaume wa Kisukuma. Hatujui kuimba polepole. Tukiimba Kasoli, Bariadi wanasikia. Siku ile darasa zima la wanaume liliimba wimbo wa asubuhi kwa midomo iliyofungwa, sauti nne zote, besi ikinguruma chini kama gari lililo mbali, ili mtu mmoja asiamke. Sijawahi kusikia ibada kama ile. Nililia, na sikujiuliza nani ananiona.

Baba aliamka jua limeshapanda. Akawatazama, akauliza, "Nani yuko lindoni?" Wakajibu wote pamoja, "Tupo." Siku hiyo alisimama akawasimulia habari za Nkwabi, na baada yake wazee wengine wakataja majina yao, majina ya watu ambao hawakuja. Mchungaji hakuhubiri. Aliomba kwa kila jina. Muuguzi alipima presha, akaweka miguu ya wazee juu ya viti, na wakakubaliana kutembeleana nyumba kwa nyumba, kila juma.

Namshukuru Mungu, nawashukuru wanaume wa kanisa hili. Nilidhani baba yangu ana ugonjwa wa kuonea aibu. Kumbe ni mwaminifu aliyesahauliwa kwenye lindo lake, nami natembea mjini kifua mbele kwa kuwa ni mtoto wake. Na wewe unayenisikiliza, ambaye umekaa mlangoni miaka yote ukilinda usichoweza kukitaja, mtumaini Bwana. Yeye hutuma mtu. Anaweza kuchelewa machoni petu, lakini humtuma.

Tuliporudi nyumbani Jumapili jioni, nilimwona baba anakitazama kile kiti cha ngozi. Mzee Shija hayupo, wenzake hawapo. Akaketi. Mawazo yangu yakaanza kazi yake: mimi sijawahi kushika hata bunduki ya mbao, nina haki gani, je, akidhani namdhihaki, je, akikasirika. Nikayaacha yaendelee kusema, nikasimama, nikafunga vifungo vya shati langu mpaka juu, nikaenda mbele yake.

"Baba, nimekuja kukupokea."

"Wewe unajua nini kuhusu lindo?"

"Sijui kitu. Lakini kukesha, baba, unajua mwenyewe kwamba hilo naliweza."

Alicheka mpaka mayu akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Kisha akanipa tochi, akasema, "Wabeja," yaani asante kwa Kisukuma chetu, akaingia kulala. Tangu siku hiyo kila jioni nampokea. Nakaa mpaka nisikie anakoroma, natia komeo, namkabidhi lindo Yeye asiyesinzia, nami naenda kitandani kwangu.

Baba yangu ni yule pale, benchi la tatu. Mtazameni miguuni. Amevaa viatu.